Amri ya Chini Kabisa

"Mashine haisomi kama sisi," Ipyana alisema. "Haijali amri ipi iko juu, ipi iko chini. Ukitaka hii ifuate ile, ifunge kwa ile."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma ya bucha, Kisarawe. Halidi, mkubwa wao, alichokonoa meno. Evaline alikuwa dereva, na kwa Ipyana alikuwa zaidi ya dereva.

Ipyana ndiye aliyefunga mitambo ya ghala la nyaya za shaba kule Visiga. Ruhusa yake ilikuwa bado hai. Amri zake zingebadili mipangilio ya mitambo zenyewe: king'ora kinyamaze, kisha geti la nyuma lifunguke. Evaline naye, Ipyana alimfungulia akaunti chini ya ruhusa yake mwenyewe, ili amsaidie kuandika amri. Mapenzi hayo.

"Lini?" Halidi aliuliza.

"Ijumaa, walinzi wakiwa msikitini. Mimi natoka wa mwisho."

"Freshi. Eva, umemwelewa mwalimu wako?"

"Nimemwelewa." Hakuinua hata macho kwenye simu.

Ijumaa, saa saba mchana. Kadi ya Ipyana iliwaingiza kiulaini. Lori dogo likajaa shaba. Ipyana akabonyeza kompyuta yake, amri zianze.

Mlango wa ndani ukajibamiza. Mitambo iliona watu isiowajua, king'ora kikalia. Geti halikutikisika.

"Fungua, bwege!" Halidi alichomoa bastola.

Jasho likimtiririka, Ipyana alisoma kioo cha kompyuta. Amri zake mbili zimekataliwa. Chini yazo kulikuwa na ya tatu, asiyoiandika yeye: futa ruhusa ya Ipyana. Hiyo ndiyo iliyotangulia kutekelezwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimtazama Evaline, na uchungu ukamzidi woga.

"Mlitaka mniache humu nikamatwe peke yangu."

"Ilikuwa ije mwisho," Evaline alisema. "Tukishatoka. Niliiandika chini kabisa!"

"Uliifunga kwa ipi?"

Evaline aliziba mdomo kwa kiganja.

"Tumia akaunti yake!" Halidi alifoka.

"Ilining'inia kwenye yangu. Zimekufa zote."

Nje, magari yalifunga breki. Sauti ya kipaza ikawaamuru watupe silaha. Halidi akaitupa bastola sakafuni, akakaa juu ya shaba yake kama mtu aliyefiwa.

Evaline alimshika Ipyana mkono. "Jina langu linaonekana hapo. Lifute. Nakuomba, mpenzi."

Ipyana aliinua mikono juu, akageukia mlangoni.

"Sina ruhusa," alisema.