Kisima cha Kilimbwe

Katika zama ambazo vyombo vya Kambaya, huko Bara Hindi, vilileta shanga na nguo za pamba katika pwani ya Waswahili, na kabla mlio wa mzinga haujasikika huku, ulikuwapo mji wa mawe ulioitwa Pazani. Ulijengwa juu ya ulimi wa nchi ulioingia baharini. Upande wa bara ulikuwa na ukuta mrefu wenye lango moja la mbao za mvule, na upande wa pili ghuba ya maji mafupi iliyozungukwa na mwamba, ambamo chombo cha vita hakikuweza kupita. Aliyeutawala alikuwa mwanamke, Mwana Jaha, aliyerithi kiti na siwa ya pembe, baragumu ya enzi, kwa baba yake.

Katika mji huo aliishi Mjaka wa Hamadi, mchongaji wa mihrabu. Jiwe zuri la kuchonga ni la matumbawe, wala halichimbwi nchi kavu. Hukatwa chini ya bahari lingali hai, wakati ambapo ni laini kama kiazi kikuu kilichochemshwa, kisha likikauka huwa gumu na jeupe. Kwa hiyo mchongaji yeyote wa pwani ile alianza kwanza kwa kujifunza kupiga mbizi. Mjaka aliweza kukaa chini ya maji hadi watu walio juu wakaanza kumwombea.

Ndani ya ghuba ile kulikuwa na mji mwingine. Kuta zake zilionekana maji yakitulia, nyeusi, zimeota mwani. Wazee waliuita Kilimbwe, wakasema kwamba wenyeji wake walikuwa matajiri walionawa miguu kwa maziwa. Siku moja walimnyima maskini maji ya kunywa, na usiku uleule Mungu akawazamisha wote. Tangu hapo hakuna aliyevua samaki pale. Hata khatibu alipowaombea marehemu siku ya Ijumaa, wafu wa Kilimbwe hakuwataja.

Mjaka na mwenzake Silima walipokuwa wanafunzi wa fundi mmoja, waliogelea juu ya magofu hayo kwa siri wakatazama. Wote wawili walikuwa na udadisi usiowapa raha. Lakini Silima alitaka kuyang'oa mawe yaliyochongwa akayauze Tondoni, mji wa jirani, ambako mfalme alikuwa akijenga jumba, naye Mjaka akasema mji wa watu haubomolewi mara mbili. Waligombana, fundi wao akawa upande wa Mjaka, na Silima akafunga mzigo wake akahamia Tondoni. Huko alipanda cheo hadi akawa mkuu wa majenzi yote ya mfalme, ya amani na ya vita.

Mfalme huyo, Fumo Badi, aliitamani bandari ya Pazani. Kwanza aliitaka kwa posa. Mwana Jaha akamrudishia wajumbe wake na zawadi zake, akawaambia kwa upole kwamba nyumba yake ilikuwa na komeo, na komeo lilikuwa kwa ndani. Haukupita muda Fumo Badi akaja na jeshi: wapiga upinde wenye mishale ya sumu, watu wa mikuki mirefu, na mbele yao ngao za ngozi ya kiboko. Walipanga hema zao kutoka ufuo hadi ufuo, nchi kavu ikafungwa.

Hawakuushambulia ukuta. Silima alizaliwa Pazani, alijua kwamba visima vyote vitamu vilikuwa nje ya lango, mashambani, na vile vya ndani vilikuwa na maji ya chumvi ya kufulia tu. Aliamuru visima vya nje vitiwe mizoga na mawe. Kisha jeshi likaketi likala na kunywa, likingoja kiu ifanye kazi ya mikuki.

Kiu ikaifanya. Maji ya mitungi yakaanza kugawiwa kwa kifuu. Mbuzi walichinjwa kwa sababu hawakuwa na cha kunyweshwa, na wanawake waliolea wakakaukiwa maziwa. Wakuu wa mji walikutana barazani kwa Mwana Jaha, na wengine wakaanza kusema kwamba posa si kifo.

Wakati huo sehemu ya ukuta karibu na lango ilikuwa imelegea, na Mjaka akaagizwa kutafuta mawe ya kuizibia. Alishuka ghubani asubuhi kwa ngazi za bahari, ubavuni mwa mji ambao adui hakuuona. Mawe ya karibu yalikuwa yamekwisha. Akatazama kule Kilimbwe, akasita, kisha akapiga mbizi kuelekea huko, akijiambia kwamba anatafuta mawe tu.

Haikuwa kweli, naye alijua. Alipita juu ya njia nyembamba iliyokuwa mtaa, akaingia mlango wa nyumba kubwa. Samaki wenye milia walimpisha. Hapo aliona jambo lililomfanya asahau pumzi. Kizingiti cha mlango ule kilikuwa kimejengewa kizingiti kingine juu yake, na juu ya hicho kingine tena, kila kimoja kwa chokaa ya rangi tofauti. Akatoka kuvuta pumzi, akarudi, akatazama nyumba ya pili na ya tatu. Kote ilikuwa hivyo. Bahari haikuja Kilimbwe kwa usiku mmoja. Ilikuja polepole, katika maisha ya babu, na mwana, na mjukuu, na kila kizazi kiliinua mlango wake kikaendelea kukaa.

Alifuata kuta hadi msikitini. Kando ya birika la kutawadhia palikuwa na kisima cha duara, na juu yake maji yalitetemeka kama hewa itetemekavyo juu ya jiko la mkaa. Mjaka alisogea. Uso wake ukapigwa na ubaridi. Mwani haukuota ukingoni pale, na mchanga ulikuwa ukirukaruka taratibu kana kwamba kitu kinahema chini yake. Aliinamisha kichwa kisimani, akafungua midomo kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Maji yalikuwa matamu.

Mbele ya Mwana Jaha alieleza yote bila kupamba. Khatibu wa mji, mtu mcha Mungu na mwenye huruma, alisikitika kwa dhati. Alisema kwamba maji ya watu waliolaaniwa hayawezi kuwa na heri, na kwamba afadhali mji ufe kwa kiu kuliko kunywa ghadhabu. Mjaka akasimulia habari ya vizingiti.

"Una hakika na ulichokiona?" Mwana Jaha akauliza.

"Mwana, mimi ni mjenzi. Mtu anayehama kwa hofu haweki chokaa. Wale walikuwa wakipenda nyumba zao."

Alikuwa ameleta kiriba kidogo cha ngozi ya mbuzi alichorudi kukijaza kisimani. Mwana Jaha akakipokea, akakifungua mwenyewe, akanywa mbele ya khatibu na wakuu wote. Kisha akampa khatibu. Mzee yule alikishika muda mrefu, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Akasema bismillahi, akanywa.

Kuanzia siku ile wapiga mbizi wote wa Pazani walifanya kazi chini ya Mjaka. Walishuka na viriba vitupu vilivyofungiwa mawe, wakaviweka mdomo juu ya kisima, wakavikaza kamba vilipojaa. Jiwe likifunguliwa, kiriba kilipanda chenyewe, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, na juu wanawake walikipokea na kukibeba ngazini. Watu wakanywa, rangi ikarudi nyusoni mwao. Ndipo Mwana Jaha akaagiza jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu: wanawake wapande juu ya ukuta mchana kweupe, wafue nguo na mashuka, wamwage maji upande wa adui.

Jeshi la Tondoni lilitazama maji yakiteremka ukutani. Chakula chao kilikuwa kikipungua, na tumbo la kuhara lilikuwa limeingia kambini. Wengine wakanong'ona kwamba mji ule unalindwa. Fumo Badi akamwita Silima akamtaka aeleze.

Silima hakuamini miujiza. Alitafakari akakumbuka ghuba. Siku iliyofuata alizunguka mwamba peke yake, akaogelea chini ya maji kutoka jiwe hadi jiwe, hanjari kiunoni, mpaka akafika juu ya Kilimbwe.

Mjaka alikuwa ameinama kisimani alipoona kivuli. Akageuka. Walitazamana chini ya maji, watu waliokuwa hawajaonana tangu ujana wao, kila mmoja na chuma mkononi. Silima akamtazama yeye, akatazama kiriba, akatazama maji yanayotetemeka. Polepole akarudisha hanjari kwenye ala. Akaushika ukingo wa kisima, akainamisha kichwa, akanywa.

Walizuka nyuma ya mwamba wakashikilia jiwe, wakihema. Mjaka hakuiachia patasi yake.

"Nikimwambia mfalme, atakijaza mawe," Silima akasema.

"Na atakayetumwa kukijaza ni wewe. Hakuna mwingine Tondoni awezaye kushuka hapa."

Silima alitazama maji, na Mjaka akaiona ile sura ya zamani, sura ya mtu anayesumbuliwa na swali.

"Mihrabu ya msikiti wao," Silima akasema hatimaye. "Tuliitafuta sana, hatukuifikia. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Nzima?"

"Nzima. Ila sitakueleza. Ukitaka, njoo uitazame."

Wakashuka pamoja. Dari ya msikiti ilikuwa imeanguka upande mmoja, na mwanga uliingia hapo. Mihrabu ilisimama ukutani, tao juu ya tao, imechongwa maua na kamba zilizosukwa, na mchongaji wake alikuwa ameacha pembe moja bila kuimaliza. Alama za patasi zilikuwa bado mbichi kama za jana. Silima akapitisha kidole juu ya alama hizo. Alipanda kuvuta pumzi akarudi, akapanda akarudi, na Mjaka akamngojea, akijua kwamba huu ndio wakati wa kumchoma mtu yule, na akijua kwamba hatamchoma.

Walipozuka mara ya mwisho Silima alisema tu kwamba yule fundi wa mihrabu alikuwa mkubwa kuliko wao wote. Kisha akaogelea kurudi alikotoka. Mjaka hakujua kama amewaokoa watu wake au amewaua. Alikwenda kwa Mwana Jaha akamwambia kila kitu, na malkia akasema kwamba mwenye subira angojee.

Mbele ya Fumo Badi, Silima aliulizwa maji ya Pazani yanatoka wapi. Akajibu kwamba yanatoka katika kisima cha kale ambacho mkono wa mfalme hauwezi kukifikia, wala wake yeye. Kwa upande wake hakusema uongo, maana alikwisha kujua kwamba mkono wake hautakijaza mawe. Mfalme aliyekwisha kuchoshwa na makaburi ya kambini akapiga ngoma ya kuondoka. Hema zikakunjwa, na watu wa Pazani wakafungua lango, wakatoka kuzoa mizoga visimani mwao.

Baadaye habari zilivuja, kama zinavyovuja daima. Fumo Badi alimnyang'anya Silima joho na cheo, akamfukuza nchini. Mjaka alimwombea nafasi Pazani, lakini Mwana Jaha alisema kwamba mama waliozika watoto waliokufa kwa kiu hawawezi kumpisha mtu yule njiani. Silima akapanda chombo kwenda visiwa vya kusini. Hawakuonana tena.

Vita vilipokwisha, Mwana Jaha alimwuliza Mjaka anataka tuzo gani. Alisema hataki kitu. Malkia akasema basi yeye ndiye mwenye haja, akaomba apelekwe chini.

Wakuu walipinga, haukuwa mwenendo wa malkia. Naye asubuhi moja alivua vikuku na mkufu wake, akajifunga kaniki kama mwanamke wa kukusanya kaa, akashika mkono wa mchongaji wake akazama. Hakuwa na pumzi ndefu. Alishuka mara nyingi kwa vipande vifupi, akagusa vizingiti kimoja kimoja, na mara ya mwisho akainama kisimani.

Alipotoka aliketi juu ya ngazi za bahari, maji yakimchuruzika. Khatibu alikuwa akimngojea hapo na nguo kavu.

"Shehe," akamwambia, "Ijumaa hii, ukiwataja marehemu wetu, anza na wao."

Pazani nayo imekwisha, na waandishi wa historia waliandika kwamba iliokolewa na mvua. Lakini inasemekana kwamba kizazi baada ya kizazi, katika mji ule, dua ya wafu ilianza kwa wenyeji wa Kilimbwe, waliochimba kisima.