Makaa ya Mong'ina

Siku Jared alipoingia soko la Migori, watu walimpisha wenyewe. Shati jeupe, suruali imepigwa pasi ikasimama, sura ya kuvutia, lakini kijana wa watu ananuka mayai viza! Mong'ina, muuza makaa, akaziba pua kwa ncha ya leso.

"Kaka, umelala wapi?"

"Natoka kazini, Homa Bay. Nasafisha maji machafu ya kiwanda cha samaki. Ile gesi yake inafukuza majirani. Nipe gunia, nasikia makaa hunasa harufu."

"Basi anza kujipaka wewe."

Wakacheka. Tangu hapo kila wikendi Jared alikuja kuchukua gunia, akachelewa kuondoka, akamwita jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, hadi Mong'ina akawa haisikii tena ile harufu. Mapenzi hayo!

Halafu siku moja Jared akapiga simu, ikamkuta Mong'ina dukani kwa jirani yake Benta.

"Jaber, nimepata makaa mengine! Yametoka Nairobi. Laini, meusi, yanavuta ajabu! Yako wacha yapumzike. Wikendi hii siji, nayashughulikia haya."

Simu ikakatika. Mong'ina akabaki ameduwaa. Laini? Yanavuta? Huyu anasema makaa au mwanamke? Akacheka, akalia, akamfokea Benta bure. Na hata kama ni makaa kweli, yeye alikuwa nani kwa Jared? Mpenzi, au duka? Kulipokucha akavaa gauni lake la maua, akaenda Homa Bay kuuliza.

Alimkuta kiwandani, kando ya tangi la maji machafu, jasho linamtiririka.

"Yuko wapi huyo laini?"

Jared hakuelewa kitu. Akafunua pipa lililofungwa kwenye bomba la hewa. Ndani, punje nyeusi tupu.

"Yamechomwa kwa mvuke mpaka yakatoboka vitundu usivyoviona. Gesi ikipita inanaswa humo. Hebu nusa."

Akanusa. Upepo wa ziwa tu.

"Kwa hivyo yangu hayakufanya kazi?"

"Hata siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unanunua ya nini, wewe mwanamume?"

Jared akamfungulia stoo. Ukiondoa lile gunia la kwanza, magunia yote yalikuwa humo, yamepangwa hadi darini, na mafundo ya kamba ya buluu aliyoyafunga Mong'ina kwa mkono wake hayajaguswa. Mong'ina akachanganyikiwa upya, ila safari hii kwa raha.

"Mimi napikia stovu ya mafuta," Jared akasema, macho chini. "Haya makaa, Mong'ina, nani atanisaidia kuyamaliza?"

"Yote haya? Si tutazeeka tukiyapikia!"

"Hicho ndicho nasema, jaber."