Msamaha wa Ngurumo

"Usikate simu, Mwalimu! Nakuomba, usikate!"

Mwalimu alishaweka kidole kwenye kitufe chekundu. Namba ya Ngurumo, mwigizaji aliyekuwa mpenzi wake, aliifungia siku kumi na tisa zilizopita, lakini huyu alikuwa fundi sauti wa filamu, anaongea harakaharaka kama mtu aliyejificha chooni.

"Haya, sema."

"Jamaa yako anafukuzwa! Anatakiwa amnong'oneze mkewe mgonjwa kitandani, yeye anahutubia! Tumerudia mara thelathini na moja. Saa nane anakuja mwigizaji mwingine."

"Si amezaliwa na sauti yake? Basi ajinong'onee mwenyewe."

Akakata.

Mwalimu alikuwa na haki ya kukasirika. Ngurumo alipofika kwenye jumba la maigizo miaka minne nyuma, sauti yake ilikuwa kubwa lakini ya kukwaruza. Kila onyesho likiisha koo linawaka moto. Mwalimu ndiye aliyemlaza chali sakafuni, akamwekea kitabu tumboni, akamfundisha kupumua mpaka akasikika kiti cha mwisho bila kipaza sauti. Alipopata tamthilia ya televisheni, Mwalimu akamfundisha kuipunguza sauti ikae vizuri sebuleni mwa watu. Humo humo mazoezini wakapendana, wakapendana kwelikweli.

Kisha, kwenye mahojiano ya moja kwa moja, mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha. Ngurumo akaitabasamia kamera.

"Hakuna. Nimezaliwa nayo."

Mwalimu alikuwa anatazama pamoja na wanafunzi wake wote. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Simu ikatoa mlio tena. Ujumbe, kwa namba ya fundi sauti:

"Ni mimi. Sikuombi uokoe kazi yangu. Nilisema uongo. Niliona haya kukiri kwamba bila wewe nisingekuwa lolote. Basi."

Aliusoma mara tatu. Akasonya. Akavaa viatu.

"Mwalimu, unaenda wapi?" wanafunzi wake waliokuwa mazoezini wakauliza.

"Kazini. Ile sauti nimeijenga mimi, haiharibiki nikiwa hai!"

Chumba cha kurekodia kilikuwa cha moto, nyaya zimetapakaa sakafuni. Mwongozaji wa filamu alimwangalia kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha huyo. Nipe mara moja tu."

Ngurumo akainamisha uso. Mwalimu alimfuata, uso ameukaza.

"Maneno haya unamwambia nani?"

"Mke wangu."

"Uongo. Unamwambia mtu wa kiti cha mwisho. Hapa hakuna kiti cha mwisho, kipaza sauti kiko chini ya kidevu chako. Anakusikia mtu mmoja tu."

"Nani?"

Mwalimu akachukua vipokea sauti vya ziada vya fundi, akavivaa masikioni.

"Mimi."

"Tayari... anza!" mwongozaji akaamuru.

Ngurumo akapiga magoti kando ya kitanda. Midomo ikacheza. Waliokuwa chumbani bila vipokea sauti hawakusikia kitu, lakini masikioni mwa Mwalimu sauti iliingia nzima nzima, na pumzi yake, na kutetemeka kwake:

"Ulikuwa nami kila siku, nikajifanya niko peke yangu. Nisamehe."

Akavikandamiza vipokea sauti masikioni. Mwongozaji, na vyake masikioni, alisahau hata kusema "Kata!" Mpaka fundi sauti aliporuka juu:

"Imeingia! Jamani, imeingia!"

Chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Ngurumo akamkimbilia Mwalimu, akamnong'oneza sikioni:

"Nisamehe, mpenzi."

"Hapana."

"Lakini umesikia..."

"Nimesikia. Ulinikana kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia. Usiniombe msamaha kwa kunong'ona."

Ngurumo akageuka ghafla, akapanda ngazi mbilimbili hadi roshani ya juu. Chini barabarani waandishi wa televisheni na mashabiki walikuwa wanamsubiri tangu asubuhi. Akavuta pumzi.

"JAMANI! NILIWADANGANYA!"

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akatoka mbio na mashine mkononi, na mteja wake nyuma, amenyolewa nusu kichwa. Kamera zote zikainuka.

"SIKUZALIWA NAYO! NILIFUNDISHWA! JUKWAANI NI YEYE, KWENYE TELEVISHENI NI YEYE, NA LEO KWENYE FILAMU NI YEYE! NINAMPENDA MWALIMU WANGU, NA NILIMKANA KWA UJINGA WANGU!"

Barabara nzima ikashangilia. Mwalimu alipotokeza mlangoni, Ngurumo akamwonyesha kwa kidole, na vipaza sauti vikamzunguka.

"Mwalimu, unamjibu nini?"

Alitaka kujikaza. Akauma mdomo, wapi! Kicheko kikamtoka, na machozi juu yake.

"Namjibu kwamba nimemsamehe," akasema. Kisha akainua uso kuelekea roshani. "Na Jumamosi uje nyumbani, uyaseme hayo hayo mbele ya mama yangu!"

"Nije peke yangu?"

"Peke yako ili iweje? Uje na wazee wako!"