Gia Ilipokataa Kushika

"Chumvi isifike sokoni."

Maneno matatu. Musoki aliyasoma ndani ya kiganja, akayafuta, akairudisha Nokia ndogo kwenye mkunjo wa kikwembe, kitenge alichojifunga. Sekunde nne.

Chumvi ni mzigo uliokuwa chini ya miguu yake. Soko ni kiwanja cha Shari, Bunia, ambako saa tisa alasiri wakubwa wa pande mbili zilizochinjana wangekaa meza moja na kula sahani moja, mara ya kwanza tangu vita vitulie. Aliyetuma amri ni Louis, mkuu wake katika Idara ya ujasusi.

Tatizo lilikuwa moja tu.

Musoki alikuwa amefungiwa ndani ya gari lenyewe.

Lilikuwa gari la familia, Hosaka ya silinda sita, viti saba, vioo vyeusi, milango ya kuteleza ubavuni. Lilitoka Mahagi asubuhi. Kwenye usukani alikaa Baudouin, mnene, mcheshi, dereva wa malori tangu ujana. Pembeni yake alikaa Lucien, bastola yake ya Makarov imefungwa ndani ya gazeti kama mkate. Nyuma yao walikaa Musoki na Mama Dorcas, muuza samaki wa Mahagi-Port, pamoja na binti yake Jeanine, mwenye miaka mitatu, amelala. Wanawake wote wawili walivaa kikwembe cha rangi moja, njano. Mama Dorcas aliambiwa anapelekwa kuimba kwenye harusi. Musoki alijipenyeza kama mwimbaji mwenzake.

Harusi haikuwapo. Lakini ni askari gani atafunua zulia la gari la harusi?

Mara mbili Musoki alijaribu komeo la mlango, akijifanya anatengeneza kandambili. Kufuli ya watoto. Mlango ulifunguka kwa nje tu. Bastola yake ya Browning ilikuwa kwenye mfuko wa unga juu ya paa, mbali kama mbingu.

Kabla ya kuondoka Mahagi, Mama Dorcas alikuwa ameomba maombi ya safari. Wote walifumba macho, hata Lucien. Musoki hakufumba. Dakika ile aliitumia kuingiza mkono chini ya zulia. Vidole viligusa waya, kisha kitu laini kama sabuni kilichofungwa kwa nailoni. Baruti, kipande baada ya kipande, hadi nyuma ya gari. Wenzake waliposema "Amina," alikuwa akirudisha zulia. Hakuisema.

Jambo hilo lilimchoma njia nzima.

*Gdu!*

Gari liliruka. Gia ya pili ilikuwa imeingia ya tatu kama mtu anayepiga mlango teke.

"Shofere, bwati yako iko na hasira," alisema Mama Dorcas, akimaanisha sanduku la gia. "Inatutupa kama mihogo mu gunia."

"Mama, hii otomatiki ni ya bazungu," Baudouin alicheka. "Haijue barabara yetu."

Musoki alijua ukweli. Kwa miaka minne Idara ilikuwa imemficha kwenye garaji ya mzee Eugène huko Bunia, na gia za otomatiki alizifungua kwa mikono yake hadi kucha zikabadilika rangi. Gari hili lilikuwa na mfumo wa kuokoa mafuta, na taa yake ya kijani, ECO. Njia ikiwa tambarare, injini hulaza silinda tatu na kuvuta kwa zile tatu zilizobaki. Mguu ukiondoka kwenye pedali, hukata mafuta. Dereva husikia mtetemeko kidogo tu.

Baudouin aliuogopa mtetemeko huo. Alidhani injini inakata roho. Kwa hiyo aliizima ECO, akaanza kuokoa mafuta kwa njia ya malori: mteremko ukifika, anatoa gia, anazima injini, gari linashuka lenyewe. Madereva wa huku huita hiyo kwenda libre.

Lori kuukuu huvumilia. Gia ya otomatiki haivumilii. Pampu inayoilainisha kwa mafuta huzungushwa na injini. Injini ikilala huku magurudumu yanakimbia, gia inazunguka kavu.

Alishafanya mara mbili. Baada ya mara ya kwanza gia ilichelewa kushika sekunde mbili. Baada ya mara ya pili, nne.

Musoki alikuwa akihesabu.

Simu ya satelaiti ya Lucien, Thuraya nyeusi, ililia.

"Ndiyo... Mwanamke?... Una hakika?... Sawa."

Alikata. Aligeuka polepole. Gazeti likaanguka.

"Simu zenu. Zote mbili."

"Juu ya nini, baba?" Mama Dorcas alimkumbatia mtoto.

"Moja wenu anatumikia Idara. Sijue ni nani, na haina neno. Mutafika Shari bote. Miye na Baudouin tutashuka pale, tuende mbali kidogo. Nyiye mutabaki ndani." Aliinua Thuraya. "Kisha nitapiga namba moja tu."



"Chef," Baudouin alisema, sauti imepungua. "Iko mutoto ndani."

"Endesha."

Baudouin aliendesha. Hakutazama tena kioo cha nyuma.

Musoki alimpa Lucien Nokia yake, na Mama Dorcas akampa yake. Mama Dorcas alianza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea Jeanine kwenye nywele. Milango miwili. Vioo vya giza. Bastola moja, na si yake. Mtu aliyebanwa hivyo hutazama alichobaki nacho mkononi, na Musoki alibaki na ujuzi wa garaji peke yake.

Walivuka kilele. Mbele, mteremko mrefu uliteremka kwa mizunguko hadi barière, kizuizi cha wanajeshi bondeni. Kwenye dashibodi, taa ya mafuta iliwaka.

"Shofere," alisema Musoki. "Mafuta inaisha."

"Minaona."

"Shofere wa Butembo angezima moteri hapa, afike chini bila kutumia hata kikombe. Lakini weye, labda bwati hii inakuogopesha."

Shingo ya Baudouin ilikakamaa.

"Miye? Miye nilianza kwenda libre ukiwa mu mugongo ya mama yako!"

"Usimusikilize," Lucien alisema.

"Chef, mafuta haitatufikisha Shari. Tukisimama kutafuta bidoni ya mafuta, saa tisa itatupita."

Lucien alitazama saa yake. Saa saba na dakika arobaini.

"Fanya."

Injini ikanyamaza.

Upepo ukapiga mluzi kwenye vioo. Usukani ukawa mzito, Baudouin akaukumbatia kwa mikono yote miwili. Breki zikaanza kuwa ngumu. Kona moja. Ya pili. Chini ya sakafu Musoki alisikia mlio mwembamba, kama chuma kinacholilia maji.

Aliomba kimya. *Bwana, gia hii ife. Mtoto huyu aishi.*

Bondeni Baudouin aliwasha injini. Ilikubali mara moja. Akaingiza gia.

Sekunde mbili. Nne. Saba.

Injini ilinguruma, gari likazidi kupoteza mwendo. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa ndani. Hosaka ilijikokota, ikasimama mita kumi kabla ya kamba ya barière.

"Harusi imekwama!" alipiga kelele dereva mmoja wa pikipiki.

Wauza ndizi walicheka. Wanaume waliokuwa wakipiga soga kando ya njia walikwisha kukunja mikono ya mashati. Sajini wa barière, mtu mfupi aliyeitwa Katsuva, aligonga kioo.

"Bote bashuke! Tunasukuma."

Lucien alificha Makarov kiunoni, akafungua dirisha, akatoa karatasi yenye mihuri. "Sajini, tuko na haraka. Hao banawake babaki ndani."

"Haraka yako njo tunasaidia, baba." Katsuva hakuitazama karatasi. "Gari haisukumwe na batu ndani. Hapa hata askofu anashukaka. Na weye, shuka, uko na mabega ya bure?"

Watu wakacheka zaidi. Walikuwa zaidi ya ishirini. Lucien aliwahesabu kwa macho, akashuka.

Dereva wa pikipiki aliuvuta mlango kutoka nje.

Hewa!

Musoki alimshusha mama na mtoto. "Peleka mutoto chooni," alimnong'oneza. "Mbali. Mbali kabisa, na usigeuke."

Mama Dorcas hakugeuka.

Wanaume tisa waliegemea gari. Halikutikisika.

"Mama yangu! Hii harusi inabeba ng'ombe?"

"Moja, mbili, ee!"

Lucien alisukuma pamoja nao, viganja vyote viwili bapa juu ya mlango wa nyuma, maana wote walikuwa wakimtazama. Musoki aliweka bega lake karibu na lake. Gari lilianza kusogea. Mkono wa kushoto wa Musoki ukaingia mfukoni mwa koti la Lucien, ukatoka na Thuraya. Wa kulia ukachomoa Makarov kiunoni mwake.

Lucien alihisi chuma kwenye mbavu zake.

"Endelea kusukuma," alisema Musoki.

"Weye njo wa Idara..."

"Sukuma. Shofere akunje mpaka kule kwenye majani, mbali na batu."

Akampigia kelele Baudouin, aliyebaki kwenye usukani, akasukuma. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Hosaka iliacha barabara, ikateremka kwenye bonde tupu la matete, ikatulia.

Musoki alitoa betri ya Thuraya kwa kidole kimoja. Kutoka kwenye mshono wa kikwembe akatoa kadi ya Idara, akamwonyesha Katsuva aliyekuwa amewafuata.

"Sajini, funga huyu na shofere wake. Batu barudi nyuma metre mia tano. Hii gari ni bomu."

Hakuna aliyecheka tena. Walikimbia.

Baudouin alitolewa mikono juu, uso umelowa. "Nani ameharibu bwati yangu?" aliuliza, kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Ni weye, shofere. Ungeacha ECO ifanye kazi yake, ungefika."

Musoki alichukua Nokia yake mfukoni mwa Lucien, akapiga.

"Chumvi?" Louis aliuliza.

"Imelowa. Meza iendelee."

"Gari?"

"Linahitaji fundi wa mabomu. Halafu fundi wa gia."

Mama Dorcas alikuwa mbali juu ya barabara, Jeanine mgongoni, akila ndizi. 

"Dada," aliita, "sasa harusi?"

"Iko meza Shari, mama. Saa tisa. Nenda ukaimbe pale, batafurahi."

Musoki alijifunga kikwembe vizuri, akaanza kutembea kuelekea Bunia, vumbi likimpanda miguuni. Nyuma yake, bondeni, hakuna kilicholipuka. Alipofika kwenye kona, pasipo mtu wa kumsikia, alifumba macho kwa hatua tatu.

"Amina," alisema.

Kisha akasimamisha pikipiki.