Saidi wa Ubavuni

Ndugu zangu mnaosoma, hii ni habari ya nyumba moja ya hapa Kyela mjini, nyumba ambayo nilipanga chumba cha uani. Kosa langu nami limo ndani yake, na sitalificha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa vitu upya. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, uani kumekauka, nguo zinapepea kambani. Habiba, mke wa Mudathiri muuza vitenge, alikuwa ananisuka. Binti yake Sabrina, wa miaka miwili, alicheza mkekani na mwanangu Gift. Habiba alikuwa na mkono mwepesi, na tulikuwa tunamcheka jirani mmoja aliyenunua redio kisha akarudi dukani kulalamika kwamba ni bubu, kumbe hajaitia betri.

Alipofika katikati ya kichwa alisimama.

"Mama Gift, una mba?"

"Sina. Labda ni vumbi."

Akaenda kunawa. Akarudi, akasuka mistari miwili, akaenda tena. Mara ya tano hakurudi. Nilimkuta bombani akisugua vidole kwa sabuni ya mche, ngozi imepasuka kwenye viungo hadi inatoa damu. Mimi nilishinda siku mbili na kitambaa kichwani, nusu nimesuka, nusu nimefumua.

Mwanzoni watu walidhani ni uchamungu. "Mama Sabrina anashika udhu kwelikweli," walisema. Lakini Habiba alikuwa anaogopa. Aliogopa kipindupindu, aliogopa UKIMWI, aliogopa kifua kikuu, na kila siku alijiona ana kimojawapo. Alikosha mchele mpaka maji yatoke safi kama ya kunywa, kisha akaanza upya. Nzi mmoja akitua, sufuria nzima inamwagwa. Sabrina alikuwa anakonda katika nyumba yenye chakula.

Tena alikuwa na swali lake. "Nishike hapa, nina homa?"

"Huna."

Baada ya muda mfupi: "Nishike tena."

Nilimshika kwa huruma, pengine mara ishirini kwa siku. Msomaji, sikujua kwamba kila nilipomjibu nilikuwa namwongezea hamu ya kuuliza.

Mudathiri alimpeleka Mbeya kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alisema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, haukuletwa na uchawi wala upungufu wa imani. Akampa vidonge, akamwambia avinywe kila siku na avumilie wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu. Foleni ilikuwa ndefu, na maelezo yaliishia hapo.

Habiba aliporudi alimkuta wifi yake Halima, dada mkubwa wa Mudathiri, amekuja kutoka Tukuyu kumwona mtoto. Halima alisema neno lake mbele yetu sote.

"Wifi, sikugombezi. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta mtoto bado yuko hivi, naondoka naye, na kwangu atakaa mpaka aolewe."

Mudathiri alitazama chini. Habiba alimvuta mtoto kwake kwa kiwiko, maana viganja vyake aliviona vichafu.

Akaanza dawa. Siku za kwanza mdomo ulimkauka hata ulimi ukanata kwenye kaakaa. Mikono ikatetemeka. Asubuhi aliamka mzito kama aliyekesha msibani, na choo kikawa shida. Mtu mwingine angenung'unika yakaisha. Kwa Habiba, kila kimoja kilikuwa ushahidi kwamba anakufa.

Zamani dawa tulifungiwa kwenye kipande cha karatasi, tukaambiwa moja mara tatu, basi. Miaka ile zikaanza kuja na boksi lake, na ndani ya boksi kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo, Kiingereza kitupu. Habiba akaniletea karatasi hiyo.

"Wewe si unasoma masomo ya jioni? Nisomee."

Nilifurahi, siwadanganyi. Nilikuwa kidato cha pili cha jioni. Tulisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, na hakuna aliyewahi kuniomba nimsomee kitu. Nikachukua kamusi yangu ambayo kurasa za mwanzo zilishachanika. Maneno mengi yalinishinda. Lakini kulikuwa na kichwa cha habari chenye wino mzito, na chini yake orodha ndefu, na neno la kwanza la kichwa hicho lilikuwa "side", nikalisoma "saidi". Hilo nililijua. Saidi ni upande. Na upande wa mtu uko wapi kama si ubavuni?

"Inasema dawa hii inaleta madhara ubavuni," nikamwambia.

"Ubavu upi?"

Niliona aibu kusema sijui. "Wa kushoto, nadhani."

Alijibonyeza palepale. Kesho yake akaniita, ubavu unauma. Ungeachaje kuuma, na alikuwa ameubonyeza tangu alfajiri? Siku ya tatu ngozi ilivilia damu, akasema madhara yameanza kujitokeza nje. Siku ya nne alitupa vidonge vyote chooni, asimwambie mtu.

Dawa ile haitaki kuachwa ghafla. Alipata kizunguzungu, akatapika, usingizi ukamkimbia, na woga uliokuwa umeanza kulegea ukarudi na nguvu zaidi. Baada ya wiki moja nilimsikia Sabrina akilia kilio ambacho mama yeyote anakijua. Mama yake alikuwa amemkalisha kwenye beseni la maji yaliyotiwa dawa ya kutoa madoa, ile ya nguo nyeupe, anamsugua mikono hadi viwiko. Ngozi ya mtoto ilikuwa nyekundu. Nilimtoa, nikammiminia maji safi kwa muda mrefu.

"Nilitaka asife," Habiba alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeniuliza. Nawaomba mlikumbuke hilo kabla hamjamhukumu.

Nikamwita Mudathiri dukani, tukampeleka mtoto zahanati. Muuguzi wa pale, Sista Emerensiana, alimpaka dawa, akasema ngozi itapona. Kisha akamtazama mama na mikono yake, akauliza kama ana dawa anayotumia. Habiba akaeleza habari ya ubavu, na kwamba dawa ameitupa. Mudathiri alikuwa hajui hata moja kati ya hayo mawili. Nikatoa karatasi. Sista akaisoma, akaniangalia.

"Nani alitafsiri?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa sare yake, halafu akatueleza.

Mudathiri akageuka kwangu. "Kumbe wiki nzima kuna Saidi anakaa ubavuni mwa mke wangu, na mimi mwenye nyumba sina habari."

Hata Habiba alitabasamu.

"Saidi ya hapa si ubavu," alisema Sista. "Ni mambo ya pembeni. Ukiwasha kuni unataka wali. Moshi hukuutaka, lakini unakuja. Mdomo kukauka, mikono kutetemeka, usingizi, choo kigumu, huo ni moshi. Sisi tunauita maudhi. Madhara ni pale nyumba inapoungua. Ukizirai, ukishindwa kukojoa, moyo ukienda mbio, au ukianza kuwaza kujiua, usingoje, njoo siku hiyohiyo."

Akamwambia atembee na maji na kunywa funda moja moja, ale papai na mboga za majani, na amuulize daktari kama anaweza kunywa dawa jioni ili usingizi umkute kitandani. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mkalimani. Akikuuliza kama ana homa, usimshike, usimjibu. Mwambie, huo ni wasiwasi ndio unauliza."

"Si nitakuwa namtesa?"

"Utaona hivyo siku tatu za kwanza. Yeye ataona hivyo mwezi mzima."

Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, lakini sikuwa na uhakika.

Mudathiri alimrudisha mke wake Mbeya. Safari hii aliingia naye ndani, akauliza maswali. Daktari alimwanzishia dawa kidogo kidogo. Maudhi yalirudi, kama Sista alivyosema. Habiba aliponiuliza kuhusu homa nilijibu kama nilivyofundishwa, na mara ya kwanza alininunia siku mbili. Hakuitupa dawa.

Miezi mitatu ilipotimia, wifi Halima alifika, ameshika begi lake na begi jingine tupu. Alikaribishwa chakula cha mchana. Habiba alinawa mara moja, akaketi. Mikono bado ilikuwa inatetemeka, na kijiko kilipofika kwa Sabrina kilikuwa kimebaki nusu. Tonge la wali likaanguka sakafuni. Mtoto akaliokota, akalitia mdomoni.

Sote tulimtazama mama yake. Habiba alipauka. Alikamata magoti yake kwa mikono miwili, akakaa hivyo, macho kwa mtoto, mpaka mtoto akameza na kuachama mdomo kuomba jingine. Akanywa funda la maji. Akachota tena.

Halima alimaliza kula. Kisha akamuuliza mdogo wake Mudathiri, "Basi la Tukuyu linaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Unaondoka na nani?"

"Na mabegi yangu," Halima akasema.

MAFUNZO

Ndugu zangu wa Kyela, wa Mwaya na wa Matema, Habiba hajapona kabisa, lakini analea mwanawe. Tujifunze kwamba wasiwasi uliopitiliza ni ugonjwa, na una tiba. Dawa ikikuudhi, mweleze aliyekupa. Usiiache mwenyewe, wala usiipunguze kwa ushauri wa jirani. Mwenye mgonjwa aingie naye kwa daktari aulize maudhi ni yapi na madhara ni yapi. Na sisi tuliosoma kidogo tusione haya kusema hatujui. Neno moja nililolikisia kwa sababu ya sifa lilikaribia kumtenga mtoto na mama yake.