Upande wa Nne wa Santuri

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jioni ile fundi miwani alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni mwa chumba cha santuri kama kawaida yake, na kabla hajawasha taa pua ikamwambia jambo lisilowezekana: unyevu. Harufu ya ukuta uliolowa, ya godoro lisilopata jua, na juu yake dawa ya kuchua kifua. Chumba kile kilikuwa kikavu kuliko vyote nyumbani. Kilikuwa na feni, pazia zito la kuzuia jua, na rafu alizozipima mwenyewe, maana mtu anayeshinda akikata vioo vya miwani hawezi kuvumilia rafu iliyopinda.

Alinusa kona baada ya kona kama paka anayetafuta panya. Hakuona kitu.

Kwenye rafu zile alipanga santuri za muziki wa filamu, tena matoleo maalumu tu: yale yanayotolewa machache, yenye jalada gumu, kitabu cha picha ndani, sahani nzito za muziki zenye rangi, na vipande vya muziki vilivyokatwa visisikike kwenye filamu yenyewe. Wenzake kazini walimwita Bwana Santuri. Walimuuliza kwa nini mtu mzima anunue muziki wa filamu ambazo hata hana muda wa kuzitazama. "Filamu naziona kwa masikio," aliwajibu, wakamcheka, naye akacheka nao. Mkewe hakucheka. Mkewe alijua chumba kile kilikuwa cha nani.

Kilikuwa cha mama yake.

Tuseme ukweli mapema, maana aibu haifunikwi kwa ungo. Mama mzazi wa fundi alilala chumba kile tangu siku alipohamia kwa mwanawe. Kisha santuri zikajaa sebuleni, zikaanza kupinda kwa joto, na fundi akamhamishia mama chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, ambacho ukuta wake ulipakana na mabomba ya bafuni na ulitoka jasho mwaka mzima. "Ni kwa muda tu, mama." Mama akasema, "Haya, mwanangu," akabeba mto wake. Dada mkubwa wa fundi alipouliza, fundi alijibu bila kupepesa macho: "Ameomba mwenyewe. Anataka kuwa karibu na choo." Ukoo mzima ukamsifu kwa kumsikiliza mama yake. Sifa zile alizipokea akitazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya harufu kikaja kikohozi. Fundi alikuwa akisikiliza toleo jipya, muziki wa filamu moja ya zamani kuhusu mwanamke anayengoja stesheni, na pale fidla zinapotulia karibu kunyamaza, mtu akakohoa. Hakushtuka. Wapenda santuri wanajua kwamba studio zina watu. Utasikia kiti kikilia, utasikia mpiga zumari akivuta pumzi, na mambo hayo ndiyo matamu yake. Akampigia simu mkusanyaji mwenzake aliyekuwa na toleo hilohilo.

"Hapo kwenye fidla?" mwenzake alisema. "Yangu kimya kabisa, kaka. Safisha sindano."

Akasafisha sindano. Akaosha sahani. Akabadilisha sindano. Kikohozi kikahamia santuri nyingine, kikaingia kwenye muziki wa kufukuzana kwa magari, kikaingia kwenye ngoma ya harusi, na kila kiliporudi kilikuwa kilekile: kinaanza kikavu, kinapanda mara mbili, kinaishia na mtu akihema "Ee Mola." Fundi alizima mashine. Kikohozi kile alikuwa akikisikia kupitia ukuta, kila usiku, na kila usiku alikuwa akiongeza sauti ya muziki.

Asubuhi mkewe alimvuta jikoni akamnong'oneza. "Umegundua? Mama hakohoi tena."

"Si ndiyo kupona?"

"Nenda ukamwone kwanza. Halafu uniambie kama huko ndiko kupona."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeuelekea ukuta wenye ukungu mweusi. Mabega yalimruka, mishipa ya shingo ikamsimama, mdomo ukafunguka, machozi yakamlenga. Alikuwa akikohoa kwa nguvu zake zote na chumba kizima kilikuwa kimya. Alipomaliza akajifuta midomo, akamtazama mwanawe, akatabasamu.

"Umekula?" akamuuliza.

Kicheko chake ndicho kilichofuata kupotea. Kisha ule mvumo aliouvuma akikunja nguo. Na mchana mmoja alifungua mdomo kumwita mkwewe, ikatoka pumzi tu. Hospitali walimulika koo lake, wakasema koo ni zima.

Fundi alijua pa kutazama, ila alichelewa kutazama. Lile toleo la stesheni, alikokisikia kikohozi mara ya kwanza, lilikuwa na sahani mbili, na muziki ulikuwa umeishia upande wa tatu. Upande wa nne watengenezaji waliuchonga picha tu, benchi tupu chini ya saa ya stesheni. Haukuwa na mifereji ya sauti, na kila mkusanyaji anajua kwamba ukiweka sindano pale utaiharibu bure. Mchana ule, nyumba imetulia, fundi aliitoa sahani, akaweka jichoni kile kioo chake cha kukuzia anachokagulia vioo vya wateja, akainama, na mbele ya jicho lake akaona mifereji, myembamba kuliko unywele, imeanza ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani, imeshaimeza saa, imeshaimeza nusu ya benchi, na pale ilipofikia, kwenye ncha yake kabisa, ilikuwa bado ikisogea, polepole, kama funza anayekula tunda, huku kutoka chumba cha nyuma hakusikiki hata mtu kugeuka kitandani.

Akaweka sindano.

"Niliomba mwenyewe chumba kile," ilisema sauti ya mama yake. Ikanyamaza. Ikajaribu tena, kwa uchangamfu zaidi. "Niliomba mwenyewe! Si unajua, miguu yangu hii, nataka karibu na choo." Kimya. Kisha chini zaidi: "Mwanangu hana kosa. Niliomba mwenyewe." Ilirudia na kurudia, ikibadilisha lafudhi, ikiongeza kicheko hapa na kukipunguza pale, na fundi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamchoma kuliko hofu. Mama yake alikuwa akijifunza. Kila dada alipotaka kuja kuwatembelea, mama alikaa peke yake kwenye unyevu ule akifanya mazoezi ya uongo wa mwanawe, ili usije ukamponyoka vibaya ukamfedhehesha. Na ndani kabisa ya mifereji, nyuma ya sauti ya mama, kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya upole, kama ya mtu aliyesogeza kiti karibu.

"Endelea, bibi," ilisema. "Nakusikia."

Mganga wa majini ambaye fundi alimwita alikuwa mama wa makamo, mteja wa fundi wa siku nyingi, mwenye miwani mizito. Alisimama mlangoni mwa chumba cha santuri, akatazama viatu vilivyopangwa nje, pazia, giza, rafu, akaguna.

"Nani alikufundisha kumjengea jini?"

"Sijamjengea mtu, mama. Hizi ni santuri tu."

"Chumba cha giza. Pazia halifunguliwi. Viatu vinavuliwa. Watoto hawaingii. Vitu vinashikwa kwa ncha za vidole, na wewe ukiingia unanong'ona. Sisi tukimtengea jini kiti tunafanya hivyohivyo, baba. Wewe umemtoa binadamu, ukaacha kiti kitupu. Jini amepita, akaona amekaribishwa."

"Mtoe," fundi akanong'ona. Alijisikia akinong'ona, akaona haya.

"Huyu hali damu. Anakula neno lililofichwa, na mama yako alikuwa nalo. Lifichue. Kwa mdomo wako, mbele ya wale uliowadanganya, lote. Ukisema nusu, atarudisha nusu."

"Hatuwezi kuivunja tu hii sahani?"

Mganga alimtazama juu ya miwani ile aliyomkatia mwenyewe. "Sauti ya mama yako imo humo. Haya, ivunje."

Fundi alimrudisha mama kwenye chumba chake, akafungua pazia, akazibeba santuri zote kuzipeleka stoo. Kisha akawaita ndugu. Walikuja Jumapili mchana, wakajaa sebuleni, dada mkubwa akakaa karibu na mama akiwa amemshika mkono. Fundi akasimama. 

"Nina jambo," alisema. "Kuhusu chumba cha mama. Si kweli kwamba..."

Mama aliinua mkono. Akajipigapiga kifuani, akatikisa kichwa, akaonyesha chumba cha nyuma, akaonyesha choo, akatabasamu tabasamu lile alilolifanyia mazoezi.

"Anasema aliomba mwenyewe!" dada alisema, macho yamemlowa. "Tunajua, mama. Tunajua."

Wakacheka wote kwa mapenzi. Fundi alimtazama mama yake, akayaona macho yakimsihi asijivue nguo mbele za watu. Neno moja tu lilibaki. Lilikuwa mdomoni. Naye, aibu yake mwenyewe ikamlemea, akaubeba uongo ule kama mama alivyobeba mto wake siku ile ya kuhamishwa.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Ila unyevu umezidi, nikaona nimrudishe."

"Mungu akubariki," mjomba mmoja akasema. "Watoto wa siku hizi wako wapi kama huyu?"

Papo hapo mama akakohoa. Kikavu, juu, juu tena, na mwisho mhemo mtupu pasipo lile "Ee Mola." Ndugu wakaruka kwa furaha, sauti inarudi, sauti inarudi! Mkewe fundi peke yake hakupiga makofi. Alimtazama mumewe mpaka mumewe akatazama zulia.

Wiki ile kikohozi kilirudi na maneno hayakurudi. Fundi, ambaye kazi yake ni macho ya watu, alishindwa kuwatazama wateja machoni. Adhuhuri moja alifunga duka mapema, akaenda nyumbani, akasimama ukumbini akampigia dada yake. Safari hii hakutaka kikao, hakutaka mama awepo wa kumwokoa. Aliyapanga maneno yote, akayaona ni machache, akashangaa jinsi yalivyomlemea.

"Haloo?" dada alisema.

Fundi akafungua mdomo. Midomo ikatembea, ulimi ukatembea, koo likapanda na kushuka. Haikutoka hata pumzi. Na kutoka stoo, ambako mashine ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme tangu ihamishwe, sauti yake mwenyewe ikaanza kusema, wazi, bila kigugumizi, kama ambavyo hakuwahi kuweza: "Dada, niliwadanganya. Mama hakuomba. Nilimtoa mimi, kwa ajili ya santuri, nikamlaza kwenye maji, nikawa namsikia akikohoa, nikaongeza muziki..."

Alikimbia na simu mkononi aifikishe kwenye sauti ile, akasukuma mlango. Ikanyamaza.

"Haloo? Haloo? Jamani mtandao huu," dada akasema, akakata.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kizuri, ameshika fremu. Alikuwa ameyasikia yote. Aliitazama midomo ya mwanawe ikimcheza bila sauti, akamnyooshea mikono, na midomo yake nayo ikaanza kucheza bila sauti. Alikuwa akimsamehe, au akimwita jina, au akimuuliza kama amekula. Fundi hakujua ni lipi.