Madaftari ya Farkhanda

Shaista aliomba kitabu, akaletewa madaftari.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Katika maktaba ya chuo kile cha ualimu, pale Multan, Pakistan, msomaji haendi mwenyewe kwenye rafu. Anajaza karatasi, anampa Khurshid Bibi, naye anaingia nyuma kutafuta. Shaista alikuwa ameandika kwa herufi kubwa jina la kitabu cha Dakta Sibtain, msimamizi wake, juu ya wasichana wanaoacha shule vijijini. Khurshid Bibi akarudi na furushi lile lile: madaftari tisa ya kijivu yaliyofungwa kwa uzi wa katani.

"Baji, dada yangu, unanitania? Hiki ndicho nilichoandika?"

Khurshid Bibi alivaa miwani, akaisoma karatasi, akalitazama furushi.

"Mimi nimetoa kitabu, mdogo wangu. Wallahi nimetoa kitabu chenye jalada jekundu."

Shaista alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa darasa la tano kijijini, na utafiti wa shahada yake ya uzamivu ulikuwa umemla miaka sita. Mawifi zake walimwita "kibibi cha shule" kila alipotoka na mkoba. Alibakiwa na sura moja tu, ile ya kueleza nani ameandika nini kabla yake, na siku kumi na mbili za kuimaliza. Hakuwa na nafasi ya mizaha. Kwa hasira tu akalifungua daftari la juu.

Ndani mlikuwa na majina. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa kike uliolalia upande: jina la msichana, kijiji chake, siku aliyoacha shule, na maneno yake mwenyewe. Sughra, miaka tisa: nilichelewa kisimani, mwalimu akanichapa mbele ya watu. Mehtab, miaka kumi na mmoja: choo cha shule hakina mlango. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na mwandishi alikuwa amefika mlangoni kwa kila mmoja wao. Kwenye jalada la ndani paliandikwa Farkhanda, na tarehe ya miaka ishirini na miwili nyuma.

Shaista alisoma mpaka adhana ya alasiri. Kitabu cha Dakta Sibtain alikuwa nacho kichwani, kwa hiyo haikumchukua muda kutambua: hesabu zote za kitabu kile zilitoka humu. Majina tu ndiyo yaliyoachwa.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, umeme ulikatika na pangaboi likasimama. Khurshid Bibi alikuwa ametoka kuchemsha chai. Shaista alikuwa peke yake chumbani, na kwanza alisikia harufu, ya udongo mweupe uliolowa, ule ambao watoto wa kule hupaka vibao vyao vya kuandikia, harufu ya darasa la asubuhi, ndani ya maktaba ambamo hajawahi kukanyaga mtoto. Akainua kichwa. Huko nyuma, katikati ya rafu, mwanamke alikuwa akiita majina, taratibu, bila haraka, kama mwalimu aliyefungua kitabu cha mahudhurio, na baada ya kila jina alinyamaza akisubiri, na kila aliponyamaza kitoto kikaitika "nipo", mara kutoka dirishani, mara kutoka juu ya kabati, mara kutoka chini ya meza ile ile alipokuwa ameketi Shaista, karibu na magoti yake kiasi kwamba alihisi pumzi ya baridi ikipita kwenye pindo la shalwar, suruali yake pana, naye hakuthubutu kuinama kutazama, akabaki ameishika kalamu kwa mikono miwili huku majina yakimkaribia, rafu kwa rafu, mpaka sauti ile ikafika nyuma ya kiti chake na kusema, "Shaista."

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. "Nipo," ukasema.

Hakumweleza mtu. Alikwenda nyumbani, akaandika sura yake kwa siku nne, akamtaja Dakta Sibtain kila palipostahili na pasipostahili, akachapisha na kumpelekea.

Dakta Sibtain alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Rangi ikamtoka usoni.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, Dakta Sahib."

Akaisukuma ile kazi mezani. Kila mahali Shaista alipoandika jina la Sibtain palikuwa pamefutika, na pembeni, kwa wino wa buluu na mwandiko uliolalia upande, paliandikwa Farkhanda. Farkhanda. Farkhanda. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Nisikilize, Bibi," Dakta alisema polepole. "Saini yangu hujaipata. Nenda ukaisafishe hii. Nikiliona jina hilo tena, utazeeka na darasa la tano lako."

Shaista alikwenda moja kwa moja kwa Khurshid Bibi, akamkuta jikoni mwa maktaba, akaufunga mlango.

"Farkhanda ni nani?"

"Shh! Punguza sauti." Yule mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Alikuwa mwanafunzi wake. Miaka mitatu alitembea kwa miguu, jua hili hili unalolijua. Akampa Sibtain madaftari ayapitie. Yeye akatoa kitabu. Farkhanda alipoleta kazi yake, akaambiwa ameiba kwenye kitabu cha mwalimu wake. Wakamfukuza. Baada ya hapo alikuja humu kila siku, akaketi pale unapoketi wewe, haombi kitu. Siku moja nikaja kumwambia nafunga. Alikuwa ameshapoa, roho imetoka."

"Na wewe ulijua?"

"Madaftari niliyaficha mimi. Yako stoo, nimeyafungia kwa kufuli, na ufunguo huu hapa shingoni, na bado yanatoka." Aliugusa. "Kuficha niliweza, dada. Kusema ndiko nilikoshindwa."

Ijumaa, baada ya swala, maktaba ikiwa bado imefungwa, Khurshid Bibi alimleta Hafiz Ditta, fundi cherehani wa mtaa wa pili ambaye watu humwita wakipatwa na mambo ya majini. Bado alikuwa na futikamba shingoni. Alimketisha Shaista, akasoma aya juu ya bakuli la maji, akasoma, akasoma, mpaka rafu zikaanza kulia kama meno yanayosagana na harufu ya udongo ikajaa chumba kizima, na Shaista akasikia sauti nyingine, pana na kavu, ikitumia koo lake.

"Si yeye aliyekufa. Wafu hawarudi. Mimi ndiye jini niliyepewa kufuatana naye tangu kuzaliwa kwake. Nilitembea naye. Nilihesabu naye."

"Unataka nini? Damu? Mbuzi?" Hafiz aliuliza.

"Nataka jina lake liandikwe. Mara moja tu. Kisha nakwenda zangu."

Hafiz alifuta jasho, akamtazama Shaista, ambaye macho yake yalikuwa yamerudi.

"Umesikia, dada. Kitu chenyewe ni jina moja. Andika yaishe."

Shaista alilia. Aliwaza miaka sita, mawifi, saini. "Siwezi," alisema.

"Mimi kumtoa naweza. Lakini huyu hajasema uongo hata neno moja. Na akitoka kwa nguvu, atabeba kilicho chake."

"Mtoe, Hafiz Sahib."

Khurshid Bibi aligeukia ukutani.

Hafiz alimwaga maji kwenye pembe nne za chumba na kusoma kwa sauti kuu. Hapakuwa na kelele. Kitu kikapita katikati yao kuelekea mlangoni, taratibu, kama mwalimu anayetoka darasani kipindi kikiisha, na nyuma yake nyayo ndogo, nyingi mno, za miguu mitupu. Zilichukua muda mrefu kwisha.

Walipoyafungua madaftari, yote tisa yalikuwa meupe.

Sura ilisafishwa, saini ikatoka. Siku ya kuitetea kazi yake, mtahini aliyetoka Lahore, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliisifu, kisha akauliza, "Hebu nitajie msichana mmoja tu kati ya hawa. Aliitwa nani, alisema nini?"

Shaista akafungua mdomo. Asilimia thelathini na nne zikaja. Asilimia kumi na tisa zikaja. Alitafuta jina, jina lolote, hata la binti aliyemfundisha juzi darasani kwake, akatafuta mpaka machozi yakamlenga, na kichwani palikuwa peupe.

"Huu ni utafiti wa takwimu, Bibi," Dakta Sibtain akaingilia kwa furaha. "Majina ya nini?"

Wote mezani wakacheka, na Shaista akacheka nao.